Jongoo Waliofufua Machimbo ya Bamburi

Msitu wa mivinje ulio kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi haukuota wenyewe. Chini yake ni machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na saruji hutaka chokaa. Chokaa ilitoka kwenye mwamba wa matumbawe uliokuwa hapo hapo kiwandani. Baada ya miaka kama 17 ya kuchimba, palibaki uwanja mweupe wa mawe, hauna udongo, unachoma kwa jua, na maji yaliyo chini yake yana chumvi.

Wakati huo sheria ya mazingira inayowabana wenye viwanda leo ilikuwa bado haijatungwa. Ndiyo sababu kilichofanyika mwaka 1971 kinastahili kukumbukwa. René Haller, Mswisi aliyekuwa bwana shamba wa kiwanda, alipewa kazi ya kuotesha kitu kwenye jangwa lile. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi na mti wa jamii ya damasi.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Unavumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo haungoji mbolea. Lakini ukaja na tatizo lake: majani yake membamba yaliyodondoka hayakuoza. Yalirundikana tu juu ya jiwe, makavu, na bila kuoza hakuna udongo.

Dawa ikawa jongoo. Waswahili tumezoea kumtupa jongoo na mti wake. Haller alifanya kinyume, akawakusanya jongoo wenye miguu myekundu na kuwaachia chini ya mivinje. Wakala majani, na kinyesi chao kikawa ndio mwanzo wa udongo. Juu yake ikaota miti mingine, ndege wakaleta mbegu, yakachimbwa mabwawa ya samaki, wakaja twiga na viboko. Mwaka 1987 Haller aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Watalii, hata hivyo, wanapakumbuka zaidi kwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kumng'ang'ania kobe mzee kama mama yake.

Sheria ilifika nyuma sana. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa Kenya mwaka 1999, ikazaa mamlaka ya mazingira iitwayo NEMA, na kanuni za 2003 zikaweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi na ukaguzi baada yake. Sheria ya Madini ya 2016 ikaongeza dhamana ya fedha: mchimbaji anaweka pesa kwanza, ili akitoroka shimo lifukiwe kwa pesa zake.

Tusiwavishe taji wenye kiwanda, kwani saruji bado ni miongoni mwa bidhaa zinazotoa hewa ukaa nyingi zaidi duniani, na mvinje haufuti moshi wa tanuri. Ila mkaguzi anayefika leo na fomu yake akiuliza kama machimbo ya matumbawe yanaweza kurudishiwa uhai, jibu analo hapo Bamburi, na lilianza kutafutwa miaka 28 kabla ya sheria inayompa mamlaka ya kuuliza.