Jozi Mbili za Soksi: Sindano, Vita na Zawadi za Krismasi Uingereza, 1882–1914

Mwaka 1882 kituo cha watoto yatima katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, kilimwomba Lady Wolverton msaada ambao si fedha. Walitaka jozi 24 za soksi na fulana 12 za sufu, zote zifumwe kwa mkono. Kazi hiyo ilimzidi mtu mmoja. Akawaita mashoga zake, akawagawia uzi, na kutoka katika baraza hilo dogo kikazaliwa chama cha mabibi wa sindano kilichokuja kujulikana kama London Needlework Guild.

Chama kilikuwa na sharti moja jepesi: kila mwanachama atoe nguo mbili za namna moja kwa mwaka. Kwa nini mbili? Kwa sababu moja ikiwa mwilini, ya pili iwe kambani inakauka. Aliyeweka sharti hilo aliijua hali ya mtoto mwenye nguo moja, ambaye siku ya kufua hana la kuvaa. Mwaka 1885 Laura Safford Stewart akaanzisha chama cha mfano huo huko Philadelphia, Marekani, na sharti la nguo mbili likavuka bahari pamoja nacho. Kukusanya nguo kulifanywa kabla baridi haijakaza, kwa kuwa katika nchi hizo Krismasi huangukia majira ya baridi kali. Soksi ya sufu iliyofika Machi ilikuwa imechelewa.

Wahenga wetu husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Miaka 32 baada ya soksi za Dorset, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaonyesha kuwa moyo nao unahitaji mwenzake, yaani jicho la kumtazama anayepewa.

Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Malkia Mary, ambaye mama yake alikuwa mlezi wa chama tangu enzi za mwanzo, alikigeuza kuwa jeshi la wafumaji, kikaitwa Queen Mary's Needlework Guild, na makao yake yakawa katika jumba la St James's, London. Waziri wa Vita alikuwa Lord Kitchener, yule yule ambaye mwaka 1885 alitumwa Zanzibar katika tume ya kupima mipaka ya milki ya Sultani. Kitchener alitaka jozi 300,000 za soksi na mikanda 300,000 ya sufu ya kukinga tumbo, vyote viwe tayari mwanzoni mwa Novemba. Sindano zikaanza kugongana kwenye sebule, mashule na makanisa.

Haja ilikuwa ya kweli. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji askari walisimama ndani ya maji na matope usiku kucha. Miguu ilivimba, ikafa ganzi, mingine ikaoza hata ikakatwa. Majira ya baridi ya kwanza maelfu kwa maelfu waliugua hivyo, na amri zikaja kutolewa kwamba askari wapake miguu mafuta ya nyangumi na wabadilishe soksi mara kwa mara. Sharti la moja mwilini na moja kambani likapata maana mpya.

Si kila soksi iliyofumwa kwa upendo ilivalika, hata hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bibi aliyefuma karibu na moto hakujua kuwa mshono mnene kwenye vidole, baada ya mwendo wa maili kumi, huchuna ngozi kama msasa. Ndiyo maana mbinu ya kuunga ncha ya soksi bila kuacha mshono ikaenea, na kwa Kiingereza inaitwa kwa jina la Kitchener mpaka leo. Kwamba waziri ndiye aliyeibuni ni hadithi tu, lakini mafunzo yake ni wazi: aliyefuma alilazimika kuuwaza mguu wa mwingine.

Kulikuwa na mtu mwingine wa kuwazwa. Vita vilipoanza, matajiri waliacha kushonesha magauni na kofia, na maelfu ya mafundi wa kike wakakosa kazi. Wakati huo huo mabibi wenye nafasi walikuwa wanashona na kufuma bure nguo zilezile ambazo mafundi hao wangelipwa kuzitengeneza. Mary Macarthur, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa kike, alilipinga jambo hilo waziwazi. Malkia akamwita na kumsikiliza, na Agosti hiyohiyo mfuko ukaanzishwa wa kuwapatia wanawake kazi ya ujira, Macarthur akiwa katibu wa kamati iliyousimamia. Hata dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake. Mshahara katika karakana za mfuko ulikuwa shilingi 10 kwa wiki, na Sylvia Pankhurst, aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa maskini wa London Mashariki, aliulaani kuwa ni unyonyaji. Yeye akafungua kiwanda chake kidogo cha kutengeneza wanasesere, ili wanawake wa mtaa wapate riziki.

Oktoba 1914 binti wa Malkia, naye Mary, mwenye umri wa miaka 17, aliuomba umma uchange ili kila askari na baharia apate zawadi ya Krismasi. Haba na haba zikajaza kibaba cha zaidi ya pauni 162,000. Zawadi ilikuwa kijisanduku cha shaba kilichotoka kiwandani, na ndani yake tumbaku, sigara, picha ya binti mfalme na kadi. Kufikia Krismasi zaidi ya askari 350,000 walikuwa wamekipokea.

Kwa kumjua mpokeaji, kijisanduku hiki kilizishinda soksi nyingi. Asiyevuta alipewa peremende na vifaa vya kuandikia barua. Wauguzi walipewa chokoleti. Askari wa Kisikh, ambao dini yao inakataza tumbaku, walipewa peremende za sukari na viungo vya chakula. Mtu alikaa akafikiri: huyu anakula nini, anaamini nini?

Lakini kufikiri huko kulikuwa na mpaka wake. Novemba 1914, mwezi ambao soksi za Kitchener zilipaswa kuwa tayari, wanajeshi kutoka India walikuwa wakipigwa na Wajerumani huko Tanga. Vita vikaenea Afrika Mashariki nzima, na mabegani mwa nani kama si wapagazi? Walibeba chakula na risasi, wengi wao miguu mitupu. Makadirio yanayotajwa sana yanasema waliokufa upande wa Waingereza pekee ni karibu 95,000, wengi zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Katika orodha ya Krismasi ya 1914 Msikh ana fungu lake na muuguzi ana lake. Mpagazi wetu hana. Alama aliyoachiwa ni jina: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi si mbali na kumbukumbu hiyo, kwani Kariakoo ni Kiswahili cha jina la kikosi chake kwa Kiingereza.

Chama cha sindano kipo hadi leo, kikiitwa Queen Mother's Clothing Guild, na bado kinaomba nguo mbili mbili. Nguo ya pili ndiyo inayonigusa. Ya kwanza mtu huitoa kwa huruma, tena kwa haraka. Ili atoe ya pili ni lazima kwanza aione siku ya kufua katika nyumba ambayo si yake.