Mnato: namba mbili kwenye galoni ya oili

Gerejini oili huwa nzito au nyepesi, basi. Nzito ni ile ya galoni iliyoandikwa 20W-50 au 15W-40, inayotoka taratibu ikimiminwa. Nyepesi ni 0W-20, ambayo mafundi waliokulia kwenye injini za zamani huitazama kwa mashaka. “Bosi, haya ni maji. Kwa joto hili la Dar utaua injini.” Mwenye gari jipya, ambalo waranti yake bado haijaisha, anabaki katikati: kitabu cha gari kinataka 0W-20, na fundi anayemwamini anataka nzito.

Mzozo huo unaanzia kwenye neno. Lita moja ya 0W-20 na lita moja ya 20W-50 ukiziweka kwenye mizani hazipishani kwa lolote la maana. Kila moja ina gramu 850 hivi au zaidi kidogo, na zote mbili huelea juu ya maji. Zebaki ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, lakini ukiinamisha chombo inakimbia mara moja. Kimiminika kinaweza basi kuwa kizito na kikatiririka upesi, au kikawa chepesi na kikatiririka kwa shida. Kile ambacho fundi anakipapasa kati ya kidole gumba na cha shahada ni ukinzani wa ndani, tabaka moja la oili likikataa kuteleza juu ya jingine. Wanafizikia wa Kiswahili wanakiita mnato.

Wapo wanaolilalamikia neno hilo. Gundi nayo hunata, wanasema. Je, tunatia gundi kwenye injini? Lakini jina la kimataifa la sifa hii, viskositi, lina asili ya Kilatini katika neno viscum, mmea ambao matunda yake yalitengenezewa ulimbo wa kutegea ndege. Kilatini na Kiswahili vimekutana kwenye ulimbo uleule. Na ndani ya injini kunata kuna kazi maalumu, iliyogunduliwa kwa bahati.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akifanyia majaribio beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, lakini ekseli ilipozunguka, oili ikapanda yenyewe kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu iliyoeleza kisa chenyewe. Chuma kinachozunguka huburuta oili iliyokigandamia, nayo huburuta tabaka linalofuata, hadi oili inasukumizwa kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba na kujijengea shinikizo la kutosha kuubeba mzigo wote. Krenki ya gari lako huzunguka hivyohivyo, imebebwa na utando wa oili, chuma hakigusi chuma. Mnato ukipungua kupita kiasi, utando unakatika. Ukizidi, injini inakula petroli kwa ajili ya kuikata oili yake yenyewe, na nguvu hiyo inaishia kuwa joto.

Namba za kwenye galoni zimewekwa na Jumuiya ya Wahandisi wa Magari ya Marekani, SAE, iliyoanzishwa mwaka 1905, na waraka wake wa mnato wa oili za injini unaitwa J300. Herufi W ni ya winta. Wengi hudhani ni kifupi cha neno la Kiingereza la uzito, maana hata wasemaji wa Kiingereza hutaja oili zao kwa uzito. Kosa hili si letu peke yetu. Namba zenyewe ni majina ya madaraja na hazina kizio chochote. Oili ikitaka kuitwa 20, mnato wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi lazima uwe kati ya sentistoki (kizio cha mnato) 6.9 na 9.3. Daraja la 30 linaanzia 9.3 hadi karibu na 12.5, la 40 linaishia kabla ya 16.3, la 50 kabla ya 21.9. Namba iliyo mbele ya W inahusu jaribio jingine kabisa, la kuwasha injini kwenye baridi: 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri, 15W kwenye 20. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo baridi inavyokuwa kali.

Hapo ndipo kidole kinapodanganya. Fundi anapapasa oili ya kwenye galoni, yenye joto la gereji, ilhali daraja lake limepimwa kwenye joto la maji yanayochemka. 0W-20 ya kawaida, ikiwa na nyuzi 40 tu, huwa na mnato wa sentistoki zipatazo 40. 20W-50, injini ikishapata moto na kufika nyuzi 100, hushuka hadi kama 18. Maana yake, oili aliyoiita maji ikiwa mkononi mwake inanata mara mbili zaidi ya ile anayoisifia, pale hiyo ya pili inapokuwa kazini. Wahandisi walioiruhusu 0W-20 ishuke hadi sentistoki nane au tisa wamepanga nafasi za beringi, pampu ya oili na mifumo ya kuchezesha vali kwa kuzingatia kiasi hicho.

Fundi naye hajakosea kila kitu. Nyuzi 35 chini ya sifuri hazitafika Mombasa, wala Njombe asubuhi ya jelidi, kwa hiyo tofauti ya 0W na 5W kwetu ni ndogo, ingawa oili yenye W ndogo huwahi kufika juu ya injini gari linapowashwa alfajiri. Suala ni namba ya pili. Na hapa hoja ya joto la Dar ina udhaifu ambao sijausikia ukijibiwa gerejini: thamostati huyaweka maji ya injini karibu na nyuzi 90, gari liwe Oslo au Tabora. Kinachopandisha joto la oili kweli ni mzigo. Pikapu iliyojaa saruji ikipanda Kitonga, au gari linalokokota tela siku nzima, ndiyo inayohitaji kufikiriwa upya. Kitabu cha Toyota cha soko la Marekani chenyewe, baada ya kusisitiza 0W-20, kinakiri kwamba oili yenye mnato mkubwa zaidi huenda ikafaa kwa mwendo wa kasi au mzigo uliopindukia.

Wenye kushuku husema 0W-20 imewekwa ili watengenezaji wapate alama kwenye vipimo vya matumizi ya mafuta, ambavyo Marekani ilianza kuviwekea sheria mwaka 1975. Ni kweli kwa kiasi fulani. Oili yenye mnato mdogo hupunguza msuguano, na kila asilimia inahesabiwa. Kinachonishawishi zaidi ni kwamba injini ileile huandikiwa ukurasa tofauti kulingana na soko. Gari lililouzwa Marekani huandikiwa daraja moja au mawili, wakati kitabu cha masoko mengine mara nyingi kina chati ya joto la nje yenye madaraja kadhaa, na baadhi ya chati hufika hadi 15W-40. Kwa hiyo kabla ya kubishana na fundi, fungueni kitabu pamoja, tena kile kilichokuja na gari hilo. Ukurasa uliopigwa picha mtandaoni kutoka nchi nyingine hautoshi.

Ndani ya chati hiyo mwenye gari ana uhuru wake. Anayezunguka mjini na familia abaki kwenye daraja linalopendekezwa kwanza. Mwenye kubeba mizigo milimani achukue la juu ambalo chati inaliruhusu. Kwenda nje ya chati, juu au chini, hakuui injini siku hiyohiyo, lakini kunampa wakala hoja ya kukunyima dai. Kwenda chini ndiko kubaya zaidi: kuna magari mapya yanayotumia 0W-16, na kuitia kwenye injini iliyoandikiwa 30 kwa kuwa “ni ya kisasa” ni kuuchezea ule utando. Marekani ina sheria, nayo ni ya 1975, inayomzuia mtengenezaji kumlazimisha mteja anunue chapa fulani ya oili ili waranti ibaki hai, isipokuwa akimpa bure. Sheria hiyo haimfikii mtu wa Mwanza; yeye analindwa na kijitabu chake cha waranti, kwa hiyo akisome mpaka mwisho, pamoja na sharti la nani anaruhusiwa kufanya sevisi.

Kisha kuna herufi zinazosahaulika, zile za alama ya API inayoonyesha daraja la ubora wa oili. Mnato haujui oili imetengenezwa kwa viungo gani. 5W-30 yenye alama ya API SL na 5W-30 yenye API SP, daraja lililoanza kutumika mwaka 2020, zinaweza kulingana kwa sentistoki zote, lakini ya pili imejaribiwa dhidi ya mwako wa kabla ya wakati unaoweza kuvunja pistoni za injini ndogo zenye tabo. Kitabu hutaja namba na herufi pamoja, na waranti huuliza vyote viwili.

Ndiyo maana risiti iliyoandikwa “oili nzito, lita 4” haina msaada siku ya madai. Mwombe muuzaji aandike daraja kamili, kwa mfano 0W-20, alama ya API, kiasi cha lita, tarehe, na kilomita zilizosomeka siku ya kumwaga oili, na filta iandikwe kwenye risiti hiyohiyo.