Somo la bure si krediti bado: historia iliyoanzia kambini

Kutoka Bengamisa hadi Kisangani ni kama kilomita 50 kwa barabara ya Buta. Kwa kijana mwenye diplome ya Serikali, chuo kikuu kiko karibu. Kwa yule aliyekimbia vita akaacha makaratasi nyumbani, kiko mbali sana.

Wengine kama yeye walipata njia kambini. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha masomo ya chuo kikuu kwa intaneti katika kambi ya Kakuma, Kenya, na ya Dzaleka, Malawi, ambako wakimbizi wengi ni Wakongomani. Wanafunzi hawakulipa. Chuo Kikuu cha Regis, mjini Denver, Marekani, ndicho kilichowapa krediti na diploma.

Siri ilikuwa hiyo: nyuma ya somo kulikuwa na chuo kikuu kilichokubali kulihesabu. University of the People, iliyoanza mwaka 2009, haidai ada ya masomo, lakini mtihani hulipiwa. Kwingine somo ni bure, cheti kinalipiwa, na cheti chenyewe si krediti.

Kongo sasa inafuata mfumo wa LMD: licence ni krediti 180, yaani 60 kwa mwaka. Basi kabla ya kumaliza mega za simu, mwanafunzi akiulize kwanza chuo anachotaka kuingia: krediti hizi mtazipokea? Jibu lije kwa maandishi. Aliyekwisha kupoteza nyumba asipoteze na mwaka wa masomo.