Nyumba Zetu Zilipochunguzwa

Homa ya kimputu yajulikana na wengi. Mgonjwa anatulia siku kadhaa, anadhani amepona, kisha moto wa mwili unamrudia. Kimputu ni kupe wa nyumba, wengine wanamwita papasi. Mchana anajificha katika nyufa za udongo. Usiku anatoka kunyonya damu ya waliolala chini, na kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi shimoni mwake.

Katika mwaka 1903 waganga wawili, Joseph Dutton wa Uingereza na John Todd wa Kanada, walitumwa Kongo na shule ya magonjwa ya Liverpool. Walikuja hasa kwa ajili ya malale, ugonjwa ule uliomaliza watu wengi kandokando ya Tanganyika yetu. Lakini walichunguza pia usafi wa posta za Serikali ya Léopold II, kama Boma, Matadi na Léopoldville. Wakatazama mifereji, madimbwi na vyombo vya maji ambamo mbu anazalia. Wakapima damu ya watoto. Shauri walilotoa ni kwamba Wazungu wajenge mbali na watu weusi. Tuseme wazi: nyumba ya babu yetu ilitazamwa kama hatari kwa jirani Mzungu, ambapo ilikuwa makao ya mtu aliyestahili kulindwa naye.

Hata hivyo haki yao tuwape. Hao wawili ndio walioonyesha katika Kongo kwamba kimputu ndiye anayeleta homa ile, na ya kwamba hata wadogo wanaotoka katika mayai yake wanaweza kuambukiza. Wote wawili wakashikwa nayo. Todd akapona. Dutton akafa Kasongo, tarehe 27 Februari 1905, ng'ambo ya milima yetu, katika mji ule ambao njia za misafara ya Wangwana zilitoka kushukia ziwa. Miaka ileile Mjerumani Robert Koch aliwakuta kupe hao upande wa mashariki ya ziwa, katika vibanda ambamo wapagazi walilala.

Basi sakafu ilijulikana. Mifereji, hiyo ilichimbwa kwanza mbele ya nyumba za wakubwa. Kolera ilipofika Tanganyika katika mwaka 1978, wenyeji wengi walikuwa wangali wakichota maji ya kunywa ziwani.