Waliopotea Maniema: Nani Aliwatafuta?

Mwezi Novemba 1871, H. M. Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji. Gazeti la New York Herald liligharimia msafara mzima wa kumtafuta mtu mmoja. Hata hivyo, mtu huyo alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, upande wa juu wa Kindu ya leo. Huko, tarehe 15 Julai, aliwashuhudia watu wenye bunduki wakiwapiga risasi waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walizama mtoni. Hakuna msafara uliotumwa kwa ajili ya hao, wala kwa ajili ya waliopelekwa mashariki utumwani.

Yatupasa basi kuwatafuta kwa njia nyingine. Majina yao hayamo katika shajara za wasafiri, bali jina la nchi yao limesalia vinywani: Ujiji, Tabora, hata Dar es Salaam, wapo waitwao Wamanyema, ingawa wazee wao walitoka katika makabila mbalimbali. Njia iliyowachukua ndiyo iliyoleta Kiswahili Maniema. Mwanafunzi anayekusanya nasaba za jamaa hizo, ng'ambo zote mbili za Ziwa Tanganyika, anaanza utafutaji ambao mwaka 1871 haukufanywa.