Jina Lisitangulie Jicho

Macho hayana pazia, husema Waswahili. Kwa daktari msemo huo ni nusu ya kweli, kwani lipo pazia moja analolishona mwenyewe, nalo ni jina la ugonjwa. Akishalitamka, huziona dalili zinazolikubali na kuzipita zile zinazolipinga. Siku hizi vyuo kadhaa vya Marekani huwapeleka wanafunzi wa udaktari kwenye majumba ya sanaa, na wengi hudhani hiyo ni anasa ya matajiri wasiojua wafanyie nini fedha zao. Mimi naiona kama sura mpya ya jitihada ya zamani ya kulichelewesha jina hilo, jitihada iliyoanza zamani madaktari walipokuwa wakishika penseli wenyewe.

Charles Bell, mzaliwa wa Edinburgh, alikuwa daktari wa upasuaji na mchoraji kwa pamoja. Mwaka 1806 alichapisha kitabu cha kuwafunza wachoraji jinsi misuli ya uso inavyoonyesha hisia. Miaka mitatu baadaye, majeruhi wa vita vya Corunna waliporudishwa Uingereza, aliwahudumia na kuwachora kwa rangi za mafuta. Picha yake moja ni ya askari mwenye pepopunda: mgongo umepinda kama upinde uliovutwa, kichwa kimerudi nyuma, taya limekaza. Ukiitazama unaelewa kazi ya penseli katika utabibu. Neno “pepopunda” halichoreki. Kinachochoreka ni shingo hii, taya hili, pengo hili kati ya mgongo na kitanda, na kwa kila mstari mchoraji hana budi kuamua unaanzia wapi na unaishia wapi. Anayeandika anaweza kuliruka asiloliona vizuri, lakini anayechora akiliruka, karatasi itamsuta. Si ajabu kwamba ugonjwa unaobeba jina la Bell hadi leo, ule wa uso kupooza upande mmoja, hutambulika kwa kumtazama mgonjwa anapojaribu kutabasamu.

Karne moja baadaye, Henry Tonks, aliyeacha upasuaji akafundishe kuchora katika chuo cha Slade mjini London, aliitwa kuwachora askari waliovunjwa nyuso katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliotibiwa na daktari wa upasuaji Harold Gillies. Kamera zilikuwapo, lakini picha zilizopigwa hazikuwa na rangi. Chaki za Tonks zilionyesha wekundu wa kidonda kibichi na weupe wa kovu. Katika miaka ya 1920, Tonks akiwa profesa, chuoni hapo alisoma Margaret Trowell, aliyekuja kuanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Mumewe, Dakta Hugh Trowell, alikuwa akitibu wagonjwa mjini humo humo Kampala, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kuhusu unyafuzi. Sidai kwamba mke alimfunza mume kutazama. Nasema tu kwamba unyafuzi ni ugonjwa wa kutazamwa. Mtoto amevimba miguu na mashavu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka kama rangi ya ukuta mkongwe. Atakayetangulia kusema “huyu mnene” ameshafunga pazia, na mtoto wa njaa amempita.

Eksirei ilipovumbuliwa mwaka 1895 na maabara zikaongezeka, penseli ilisahauliwa pole pole. Ilirudi kwa mlango mwingine mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako daktari wa ngozi Irwin Braverman na mwelimishaji wa jumba la sanaa Linda Friedlaender waliwaketisha wanafunzi mbele ya picha za kale za Kiingereza. Mojawapo ni ya Henry Wallis: kijana amejilaza kitandani chini ya dirisha, mkono umening'inia, karatasi zimechanwachanwa, chupa ndogo iko sakafuni. Mwanafunzi hutakiwa kueleza yote anayoyaona kabla ya kuamua kama kijana huyo amelala, amelewa au amekufa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba waliopitia zoezi hilo walieleza picha za wagonjwa vizuri kuliko wenzao. Jaribio la Philadelphia la mwaka 2018, lenye wanafunzi 36 na vipindi sita vilivyoongozwa na walimu wa sanaa, lilipata matokeo ya namna hiyo hiyo kwa picha za magonjwa ya macho.

Mpinzani atasema kwamba majaribio hayo ni madogo, na kwamba yalipima maelezo ya picha, si wagonjwa waliopona. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba picha inaponya. Atasema pia kwamba mashine huona kuliko jicho. Lakini mashine hujibu swali ililoulizwa, na wa kuliuliza ni yule aliyefunua kope la chini la mgonjwa akaona limepauka, akashuku upungufu wa damu. Hoja nzito zaidi ni kwamba picha haisemi wala haiumwi, na daktari aliyezoea kuitazama anaweza kumgeuza mgonjwa kuwa maonyesho. Hatari hiyo ipo, ila mwenye haraka ya kutaja ugonjwa naye hamtazami mtu, anatazama jina. Ama gharama, hakuna haja ya kusubiri tujengewe jumba la makumbusho. Karatasi na penseli vinatosha. Mwalimu wa wodini aliye navyo, aliyepata ridhaa ya mgonjwa, anaweza kuwapa wanafunzi wake nusu saa ya kuchora mkono mmoja uliovimba, kwa sharti kwamba hakuna atakayetaja ugonjwa mpaka mchoro ukamilike.