Kitovu cha Lilongwe Kikitazamwa kutoka Pembezoni

Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, ina sehemu mbili zinazodai kuwa katikati ya jiji. Ya kwanza ni Mji wa Zamani, ulio kusini kando ya Mto Lilongwe, wenye soko kuu, stendi ya mabasi, maduka ya jumla ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi na msongamano usiopungua hadi jua litue. Ya pili iko kilomita chache kaskazini, na ndiyo iliyopewa rasmi jina la City Centre: benki, balozi, hoteli na ofisi zilizotawanyika kati ya nyasi na miti, jirani na kilima cha Capital Hill chenye wizara za serikali. Kati ya hizo mbili pana msitu wa hifadhi unaopitiwa na Mto Lingadzi, na msituni humo mna fisi. Baadhi ya miji ya Afrika ina fisi pembezoni. Lilongwe imewaweka katikati.

Mji ulianza kama boma mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1904 ukawa kituo cha utawala wa Waingereza. Uliishi kwa tumbaku na kwa kuwa njia panda ya safari za Zambia, Blantyre na ziwani. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1947, lakini mwaka 1966, miaka miwili baada ya uhuru, ulikuwa bado na wakazi wasiofika 20,000. Mji mkuu ulikuwa Zomba, na biashara kubwa ilikuwa Blantyre, yote miwili kusini.

Rais Hastings Kamuzu Banda, mwenyeji wa Kasungu katika mkoa wa kati, alitaka makao ya serikali yahamie Lilongwe, iliyo katika mkoa huo huo, akisema kusini kumenufaika vya kutosha. Uingereza ilikataa kugharimia uhamisho ulioonekana kuwa wa anasa kwa nchi maskini. Fedha zikapatikana kwa serikali ya makaburu ya Afrika Kusini, iliyotoa mkopo mwaka 1968, na pamoja na mkopo wakaja wataalamu wa mipango miji wa huko huko. Mwaka huo huo liliundwa shirika la kuujenga mji mkuu, na tarehe 1 Januari 1975 Lilongwe ikatangazwa rasmi kuwa makao makuu. Bunge lenyewe lilibaki Zomba mpaka miaka ya 1990.

Ramani waliyoichora wataalamu wale ilikuwa ya bustani. Maeneo yalipewa namba kwa kufuata zamu ya kuendelezwa, si ujirani, na ndiyo maana kwa mgeni namba zinazofuatana si dhamana ya maeneo yaliyo jirani. Kati ya eneo na eneo kuliachwa mikanda mipana ya kijani. Wenye kipato kikubwa walitengewa viwanja vikubwa karibu na ofisi; wenye kipato kidogo walipewa viwanja vya kujijengea, ama kusini karibu na soko, kama Kawale, Biwi na Chilinde, ama mbali kaskazini katika Area 25, jirani na viwanda na minada ya tumbaku ya Kanengo. Ni vigumu kutouona katika mpango huo mkono wa watu waliokwisha kuzoea kuigawa miji kwa matabaka na kuweka ukanda mtupu katikati.

Hapo ndipo Lilongwe inapotofautiana na miji ambayo kuchoka kwa katikati yake kumeandikwa sana. Detroit ilikuwa na katikati iliyojaa watu, kisha baada ya Vita Vikuu vya Pili wenye uwezo wakahamia viungani na kuacha majengo matupu. City Centre ya Lilongwe haikukimbiwa na mtu, haikuwahi kujaa. Ofisi zikifungwa jioni, mitaa huwa mitupu, kwa kuwa karibu hakuna anayelala hapo. Jiji nalo halikuacha kukua: sensa ya 1977 ilikuta watu wapatao 99,000, na ile ya 2018 ikakuta 989,318. Karibu wote waliongezeka pembezoni, katika maeneo yaliyopimwa na katika makazi yasiyopimwa kama Mtandire.

Kwa mkazi wa pembezoni, basi, swali la kitovu ni la nauli na riziki. Anayeishi Area 25 au Kawale huenda Mji wa Zamani kununua mahindi, mitumba, vipuri na dawa, na kutafuta kibarua. City Centre huiendea kwa shida maalumu: pasipoti, benki, barua ya wizara. Aliye Area 43 au Area 47, kwa wenye nafuu, huiona kinyume. Kwake Mji wa Zamani ni vurugu, wezi wa mifukoni na mahali pa kuegesha gari pasipopatikana, na tangu maduka makubwa ya Gateway yafunguliwe kando ya barabara kuu ya M1 katikati ya miaka ya 2010, anaweza kukaa miezi bila kulikanyaga soko. Wote wawili hulalamika kwamba katikati ya jiji pameharibika. Mmoja anataka wachuuzi waondolewe. Mwingine ama ni mchuuzi, ama ni mteja wao.

Mvutano huo ulipamba moto baada ya utawala wa chama kimoja kuondoka mwaka 1994. Uchuuzi uliokuwa umebanwa ukafurika barabarani, na eneo la Tsoka, ng'ambo ya mto kutoka soko kuu, likawa soko la pili. Vijana wakajenga madaraja ya miti kuunganisha kingo mbili na kutoza kila mvukaji ada ndogo. Hiyo ni huduma ambayo mpango wa 1968 haukuifikiria, na pengine ndiyo miundombinu inayotumiwa na watu wengi kuliko barabara pana za City Centre. Mwaka 2006 serikali iliwafagia wachuuzi mitaani katika operesheni iliyoitwa Dongosolo. Walirudi. Wakati huo jiji halikuwa hata na madiwani: baada ya muda wa waliochaguliwa mwaka 2000 kwisha mwaka 2005, hapakuwa na uchaguzi mwingine wa serikali za mitaa hadi Mei 2014, hivyo kwa takriban miaka 9 wakazi wa pembezoni hawakuwa na mwakilishi wa kulisema jambo lao kwenye halmashauri.

Juhudi za kuhuisha katikati zimeegemea upande wa ofisi. Jengo jipya la Bunge na ukumbi wa mikutano wa Bingu, yote yaliyojengwa kwa fedha za China, yalikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kipindi hicho hicho jiji lilipata mpango mkuu kwa msaada wa Japani, na mkakati wa maendeleo ulioandaliwa kwa ushirikiano na Johannesburg, safari hii Afrika Kusini nyingine. Katika miaka ya 2020 zikapanuliwa barabara kama Kenyatta na Mzimba. Magari yanapita vizuri zaidi. Mchuuzi wa Tsoka hakupata kizimba kwa sababu hiyo.

Pembezo ya mbali zaidi haimo hata kwenye ramani ya jiji. Dzaleka, zaidi ya kilomita 40 kaskazini katika wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza la enzi za Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Mitaa yake kadhaa ina majina ya Kimalawi: Kawale, Likuni, Blantyre, Zomba. Sheria inawataka wakimbizi waishi kambini, lakini kwa miaka mingi wenye mtaji walifungua maduka ya vyakula Lilongwe, hasa katika maeneo ya kipato kidogo, wakichukua bidhaa kwa maduka ya jumla ya mjini na kuzisogeza karibu na mlango wa mteja. Kwao jiji lilikuwa chanzo cha bidhaa na wateja, na pia mahali pa kukamatwa.

Majirani waligawanyika. Wateja walipenda bei na saa ndefu za kufungua. Wafanyabiashara wenyeji walilalamikia ushindani. Mwaka 2021 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi kambini, mahakama ikasitisha amri hiyo kwa muda, kisha Mei 2023 polisi wakaanza kuwaondoa kwa nguvu. Maduka yalifungwa, na mamia ya watu, watoto wakiwemo, walishikiliwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka. Waliokuwa na maduka mjini wakaanza upya kwa meza katika soko la kambi, ambalo wanavijiji wa Dowa huliendea kama wanavyoendea mji wowote. Watu wa Lilongwe nao huelekea huko kila mwaka kwa tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii Mkongo Menes la Plume, baadhi yao wakilala katika nyumba za wakimbizi.